Kitabu Kisichosimuliwa Hakijarudi

Udongo wa kaburi la Hiram Wakhungu ulikuwa haujakauka, na tayari dada yake Dinah Nasike alikuwa amepatana na watu wawili. Wa kwanza alikuwa Wanyonyi, muuza dawa za mifugo, aliyetaka kukodi chumba cha mwisho katika jengo la Dinah pale sokoni Myanga. Wa pili alikuwa mnunuzi wa karatasi kutoka Bungoma mjini, ambaye angekuja na pikapu kuchukua vitabu vya marehemu vilivyojaa ndani ya chumba hicho. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, wauza njugu na wauza nyama wanagombania karatasi, na Dinah hakuona kwa nini kitu chenye mnunuzi kilale bure.

Mtu asidhani moyo wake ulikuwa wa jiwe. Alimlilia kaka yake kwa sauti, mpaka majirani wakaja kumshika mikono. Kisha akapangusa uso kwa leso na kuuliza sufuria kubwa ziko wapi. Kila matanga lazima yawe na mtu wa kuuliza sufuria ziko wapi, na katika ukoo wao, tangu zamani, mtu huyo ni Dinah.

Walizaliwa hapo hapo Myanga, watoto wa mkulima wa pamba. Hiram alikuwa mkubwa. Ukimtuma malishoni, ng'ombe walirudi peke yao, naye akaja baadaye akiwa na habari ndefu ya alichokiona njiani. Baba yao alichoka kumchapa, maana hata katikati ya viboko alitaka kumalizia habari. Dinah aliishia darasa la tano. Hakufukuzwa, wala karo haikukosekana. Aligundua tu kwamba ndizi alizobeba kwenda kula shuleni zilinunuliwa kabla ya kengele, na kwamba kesho yake angeweza kubeba mkungu. Akaacha shule bila kuaga. Kutoka ndizi akaenda nyanya, kutoka nyanya mitumba, na mwishowe akatulia kwenye mahindi na maharagwe: ananunua Trans-Nzoia wakati wa mavuno, anahifadhi, anauza Bungoma njaa ikianza kupiga hodi. Jengo lake lenye paa la bati la kijani lilisimama kwa mahindi hayo, tofali kwa tofali.

Hiram yeye alienda Kitale akiwa kijana, akapata ukarani katika shamba la mzungu. Wazungu wa mashamba walipouza na kuondoka, waliacha vitu ambavyo hakuna aliyevitaka: piano zilizoliwa na mchwa, viatu virefu vya kupandia farasi, na vitabu. Kamati moja ya watu wa Tuwan, mtaa wa Kitale, ilivikusanya vitabu hivyo ikavipanga katika ukumbi wake, uliokuwa ghala la mbegu. Kisha wakaulizana nani atakaa navyo. Hakukuwa na mshahara wa maana. Hiram akainua mkono, akisema atakaa kwa muda tu, mpaka apatikane mtu anayefaa. Aliinua mkono akiwa hana hata mke. Aliposhuka kutoka kwenye kile kiti alikuwa na wajukuu.

Hakusomea kazi ile, hivyo aliifanya kwa akili yake. Siku za mwanzo, mtu wa Matisi, mtaa wa jirani, aliazima kitabu cha ufugaji nyuki akakaa nacho sana. Alipokirudisha kilikuwa safi kama kilivyotoka.

"Kilikuwaje?" Hiram akamwuliza.

"Kizuri."

"Kizuri vipi?"

Yule mtu akaangalia mabati ya paa kana kwamba jibu limeandikwa juu huko. Hiram akamrudishia kitabu mkononi. "Bado hujamalizana nacho, ndugu yangu. Rudi nacho."

Kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya maktaba ya Tuwan. Faini haikuwepo, ukichelewa hukugombezwa. Ulikaa kwenye benchi mbele ya meza ya Hiram, kitabu kikiwa mapajani, ukasimulia kilichomo. Ukisimulia vizuri, akasema "weka," ndipo kitabu kikapanda mezani. Meza ilikuwa ya vitabu vilivyorudi tu. Kitabu kisichosimuliwa, alisema, hakijarudi. Umekibeba tu kukitembeza.

Mwanzoni watu walicheka, halafu wakanogewa. Jumamosi alasiri benchi zilijaa watu ambao hawakuja kuazima wala kurudisha. Walikuja kusikia wengine wakirudisha. Fundi wa magari alisimulia vita vya nchi asiyoijua kana kwamba baba yake alipigana huko. Mama wa mboga alisimulia maisha ya malkia fulani, akamlaumu kwa kuwalea watoto vibaya.

Lakini sheria hiyo ilikuwa na upande wa pili. Si kila mtu humaliza kitabu, na si kila anayemaliza huwa na mdomo. Wapo waliokwama katikati. Wapo waliomaliza kisha wakaogopa kuumbuka mbele ya benchi nzima. Hao hawakurudisha. Waliokuwa wakipita mbele ya ukumbi wakaanza kuzunguka kupitia nyuma ya kinu cha posho. Wakikutana na Hiram kanisani wanauliza habari za watoto upesi, kabla hajauliza habari za kitabu. Naye hakuuliza. Tuwan na Matisi zikajaa vitabu chini ya magodoro na juu ya makabati, na rafu za maktaba zikazidi kuwa tupu.

Dinah aliyaona haya kwa macho yake, maana kila msimu wa mavuno alilala kwa kaka yake huko Matisi akisubiri bei ya mahindi ishuke. Mwaka mmoja mvua ilikataa kukatika, lori likazama huko Kiminini, naye akakaa siku nyingi bila kazi. Mtu wa soko akikosa kazi huanza kupanga upya sufuria za watu. Hiram, ili kuokoa sufuria zake, akampa kitabu.

Kilikuwa hadithi ya mwanamke aliyefungua hoteli ya kulala wageni katika mji wa reli. Dinah alikisoma polepole, midomo ikicheza. Akafika katikati, na lori nalo likafika. Akaenda ukumbini, akakaa kwenye benchi huku dereva akipiga honi nje.

"Huyu mama anafungua hoteli," akasema. "Anapatana na mwenye bucha: nyama kwa mkopo, atalipa wageni wakilipa. Hapo amekosea. Bucha ndiyo itamtawala. Mimi ningemwambia mwenye bucha alale kwangu bure, mkopo uishie hapo. Ningempa chumba cha nyuma."

"Halafu?" Hiram akauliza.

"Halafu lori limefika."

"Dinah."

"Nimesoma nusu, ndugu yangu. Nimeeleza nusu. Pokea nusu."

Hiram alicheka mpaka akavua miwani. Maisha yake yote watu walikuwa wamemwomba awasamehe, awaongezee muda, awapokelee tu. Hakuna aliyewahi kupatana naye bei. "Haya," akasema. "Nusu imerudi. Nusu nyingine iko na wewe." Kitabu hakukiweka mezani, wala hakumrudishia. Alikiweka dirishani, kati ya meza na nje, na hapo kikakaa.

Dinah hakukirudia. Lakini hakuacha kumshauri. Kila akija alipitisha macho kwenye zile rafu kama mtu anayekagua ghala lililoibiwa.

"Hiram, mfanyabiashara anayekataa mali yake mwenyewe mlangoni, unajua anaishia wapi?"

"Mimi si mfanyabiashara."

"Ndiyo maana nakuambia. Pokea vitabu, bana! Mtu akileta, sema asante, weka kwa rafu. Ati mpaka asimulie? Hapa ni mahakamani?"

"Wewe gunia likija unalipokea tu?"

Dinah akageuka kutazama rafu. Mwenyewe hajawahi kupokea gunia bila kulichoma kwa kile chuma chenye mfereji, kuvuta punje za katikati, kuzitia kinywani na kuziuma. Juu ya gunia kila mtu huweka mahindi mazuri.

"Gunia ni gunia," akasema mwishowe, na hata yeye akasikia kwamba lilikuwa jibu dhaifu.

Aliyoyatabiri yalitimia. Ikachaguliwa kamati mpya, mwenyekiti wake akaja kukagua, akakuta rafu kama ufizi wa kizee. Maktaba bila vitabu, akasema, ya nini? Wangeweza kuukodisha ukumbi. Hiram aliwaambia vitabu havijapotea, viko njiani. Walimsikiliza kwa heshima, wakamshukuru kwa utumishi wake, na ukumbi ukakodishwa kwa muuza vipuri vya pikipiki. Dinah ndiye aliyekasirika. Hiram alivipanga vitabu vilivyobaki kwenye katoni, akavifunga kwa kamba ya katani, na vikasafirishwa hadi Myanga juu ya magunia ya mahindi ya dada yake. Alipanda mbele na dereva, akiwa na kile cha dirishani mapajani.

Dinah akampa kile chumba cha mwisho. "Kwa muda," akamwambia, na Hiram akatabasamu, maana alilijua neno hilo. Akakaa mlangoni mwa chumba hicho katika miaka yake ya uzee, kiti kimoja chake, kingine cha mgeni. Siku za soko watu wachache waliingia. Siku nyingine hakuja mtu. Aliwasikiliza waliokuja, na waliposhindwa aliwaambia warudi nacho, vile vile kama zamani. Kifua kikaanza kumsumbua. Akaondoka mchana mmoja kimya, chai ikiwa bado ya moto.

Basi hayo ndiyo maisha yake yote. Na hapo ndipo Wanyonyi alipoanza kuulizia chumba.

Siku ya tatu baada ya maziko ni siku ya kunyoa. Zamani nywele zote za wafiwa zilishuka. Siku hizi, kwa kuwa watu ni wa kanisa na wengine wana kazi mjini, hukatwa kishungi kidogo tu kwa wembe mpya, mchungaji akaomba. Lakini jambo moja halijapunguzwa. Wakishanyoa, watu hukaa chini na mkubwa wa ukoo huuliza: nani ana kitu cha marehemu, na marehemu alikuwa na kitu cha nani? Kila mtu husema hapo, mbele ya wote. Ukinyamaza siku hiyo, usije kusema kesho. Na ukisema, neno lako halimezwi tena.

Aliyeketi kuuliza alikuwa Mzee Wangila, baba yao mdogo, mwenye fimbo na sauti kubwa kuliko mwili. Dinah alikaa karibu na meza ya vikombe vya chai, kichwani akipiga mahesabu ya kesho: pikapu ya karatasi asubuhi, Wanyonyi jioni. Wanyonyi mwenyewe alikuwepo, amekaa nyuma na kikombe cha chai, kwa heshima ya marehemu na kwa kulinda chumba chake.

Kabla Wangila hajafungua mdomo, lori dogo likaingia uani. Watu wa Kitale. Wakashuka wengi kuliko Dinah alivyotarajia, na kila mmoja amekumbatia kitu kilichofungwa: kwa leso, kwa sweta, kwa gazeti. Dinah akadhani ni vyakula, akaona heri, wali ulikuwa unaelekea kuisha. Wakaketi kwenye nyasi, vifurushi mapajani.

Mambo yakaanza kwa kawaida. Jirani akasema ana ngazi ya marehemu. Mwingine pampu ya baiskeli. Kisha akasimama mwanamke mrefu, mkulima wa vitunguu kutoka miteremko ya Mlima Elgon, akasema jina lake ni Jelagat na aliolewa Tuwan zamani. Akafungua leso. Ndani kitabu.

"Hii ni ya Mzee Wakhungu," akasema. "Iko na mimi tangu nikiwa bibi arusi. Kitu ya mtu amekufa haifai kukaa kwa nyumba."

"Asante, mama," Wangila akasema. "Weka hapo mezani."

Jelagat hakusogea. "Nitaweka aje, mzee? Sijaulizwa."

"Uulizwe nini?"

"Yeye alikuwa anauliza kwanza. Ndio unaweka."

Wangila akamwangalia mchungaji, na mchungaji akaangalia viatu vyake. "Mama, marehemu hawezi kukuuliza sasa."

"Hiyo najua. Basi niulizwe na mtu wake. Mimi nimetoka mbali, siwezi kuja kutupa kitu kama takataka."

Kule nyuma watu wa Kitale wakaguna kuunga mkono. Joy, binti ya Hiram, ambaye siku zote hizo hakuwa na maneno ya kutosha hata kuomba maji, akainua kichwa chenye alama ya wembe. "Senge," akamwambia shangazi yake Dinah, "uliza wewe."

"Mimi? Mimi najua nini ya vitabu?"

"Wewe si ndiye unajua kuuliza? Soko yote inakuogopa."

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba uanze. Dinah akaona njia fupi ya kumaliza jambo ni kulifanya. Akasogeza vikombe pembeni, akamwashiria Jelagat akae.

"Haya, mama. Kina nini ndani?"

Jelagat akakaa, kitabu mapajani, akasafisha koo. "Kuna mjane. Ako na shamba kidogo. Kila msimu wa kupanda, anasogeza mpaka ndani ya shamba ya jirani. Kidogo tu, kama upana wa jembe. Jirani anaona. Ananyamaza."

"Ananyamaza kwa nini?" Wangila akadakia. Alikuwa na kesi ya mpaka ya miaka mingi.

"Ngoja, mzee. Ananyamaza kwa sababu na yeye anasogeza yake upande ile ingine. Kwa jirani yake. Na huyo wa tatu pia anaona, ananyamaza, anasogeza kwa wa nne."

"Halafu?" Dinah akauliza. Neno lilitoka lenyewe.

"Wanaendelea hivyo, wanazunguka kilima yote. Kila mtu anafikiria yeye tu ndiye mjanja. Siku moja mjane anaamka asubuhi, anaenda upande ya nyuma ya nyumba, anapata mtu amesogeza mpaka ndani ya shamba yake. Kidogo tu. Kama upana wa jembe."

Ua mzima ulilipuka. Wazee wenye kesi za ardhi walicheka kwa uchungu, wakipigana mabega. Wangila alitikisa fimbo akisema aliyeandika kitabu hicho lazima aliwahi kuishi Myanga. Jelagat alibaki na uso ule ule.

"Kumbe unakijua hivi," Dinah akamwambia, "na ulikaa nacho miaka yote ya nini?"

"Niliogopa. Nilifikiria nitasema vibaya mbele yake."

"Weka," Dinah akasema.

Kitabu kikapanda mezani, kati ya sukari na majani ya chai.

Wakaja wengine. Kipketer, fundi wa pikipiki, alisimulia chake haraka haraka kama mtu anayekimbizwa: daktari alitumwa kijijini, akakuta mganga anapendwa kuliko yeye, akaamua kuugua makusudi atibiwe na mganga ili wapatane. "Na wakapatana, msee, ile mbaya!" Dinah akamtaka aeleze mganga alilipwa nini, Kipketer akaeleza, naye akaridhika. "Weka." Mwingine akasimulia, na mwingine. Meza ikajaa, vikombe vikahamia chini. Dinah hakuwa amesahau pikapu ya karatasi. Kila kitabu kilichopanda mezani kilikuwa uzito zaidi kwenye mizani ya kesho, na sehemu moja ya kichwa chake iliendelea kupima.

Mwishowe akasimama Mary Ann, mpishi wa shule moja ya Matisi, mwanamke mnene mwenye haraka. Alikuja moja kwa moja mezani, kitabu mbele.

"Mimi chukueni tu," akasema. "Sikusoma. Imekaa juu ya kabati mpaka panya ikala jalada. Sitaki shida na marehemu. Nimeleta, nimemaliza."

Akainama kukiweka. Mkono wa Dinah ukatangulia, ukafunika nafasi iliyobaki mezani.

"Rudi nacho," akasema.

Hata Dinah mwenyewe alishangaa kusikia sauti iliyotoka. Baadaye wengine walisema ni roho ya kaka yake iliyonena. Yeye alikataa kabisa. Alisema ni mazoea ya soko: gunia halijachomwa, halipokelewi, hata kama linakuja kwa bure, hata kama kesho unaliuza kwa mtu asiyejali. Ukianza kupokea hivyo mara moja, kila mtu ataleta makapi.

"Nirudi nacho?" Mary Ann akauliza. "Halafu nikilete wapi? Mwenyewe ametuacha. Ukumbi umekuwa wa vipuri. Niambie, mama, nikisoma hii kitu nikimaliza, nitaenda kumwambia nani?"

Lilikuwa swali la haki, na Dinah hakuwa na mahali pa kulikwepea. Huwezi kumkatalia mtu mzigo mlangoni kisha usimwonyeshe ghala. Alimwona Wanyonyi kule nyuma akiwa ameshusha kikombe.

"Leta Myanga," akasema. "Jengo la bati la kijani. Chumba cha mwisho. Uliza Dinah."

Fimbo ya Mzee Wangila ikagonga ardhi. "Mmesikia! Limesemwa siku ya kunyoa."

Wanyonyi akakohoa chai.

Alimsubiri Dinah kando ya jiko la kupikia, mikono kiunoni. "Mama Dinah, tulipatana."

"Tulipatana, na sijakataa. Chumba ni chako."

"Chumba yangu gani? Si umewapa watu wa vitabu mbele ya mchungaji?"

"Nimewapa ukuta."

"Ukuta?"

"Ule wa kushoto. Wewe dawa za kupe unapanga wapi? Kulia, karibu na mlango, watu waone. Ule wa kushoto ungefanya nini nao? Ungetundika kalenda."

"Basi punguza kodi."

"Nipunguze kwa nini? Kwanza ningeongeza. Wanyonyi, fikiria kidogo. Mtu akija kununua dawa ya minyoo anachukua anaenda. Lakini akikuta mtu anasimulia habari ya mjane na mpaka, atakaa. Akikaa ataona chumvi ya ng'ombe. Ataona mbegu. Umeona wazee leo? Hata mmoja hakuinuka kwenda kukojoa."

Wanyonyi alifikiria. Alikuwa mtu wa biashara pia, na alikuwa mmoja wa wale ambao hawakuinuka. "Na nani atakuwa anauliza watu? Mimi sitaki hiyo kazi."

"Wewe uza dawa. Kuuliza ni mimi, niko mlango wa tatu."

Walibishana mpaka makaa yakawa majivu, na kodi ikabaki pale pale, ila Dinah akakubali kumpakia chumba rangi. Mnunuzi wa karatasi alipopiga simu asubuhi, alijibiwa kwamba hakuna karatasi. Alilalamika kwamba walikuwa wamepatana. "Nilikuuzia karatasi," Dinah akamwambia. "Nimefungua katoni nikakuta ni mali ya watu. Siuzi mali ya watu." Kisha, kwa kuwa hapendi mtu aondoke mikono mitupu, akamwuzia magazeti ya zamani ya mchungaji.

Rafu zilipigwa kwa mbao za kibanda chake cha kwanza, alichouzia nyanya, ambacho alikuwa amekihifadhi bila sababu. Hazikupendeza, lakini zilibeba. Dawa za mifugo kulia, vitabu kushoto, benchi katikati. Siku ya soko harufu ya dawa ya kupe hukutana na ya karatasi kuukuu, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Watu wa Kitale huja kwa zamu, wakileta na kuchukua. Joy akija likizo huandika majina ya vitabu kwenye migongo iliyofutika. Rafu haziko tele. Vitabu vingi bado viko njiani, kama Hiram alivyowaambia wale wa kamati.

Mary Ann alikuja msimu wa mavuno, amepanda lori la Dinah lenyewe, akakaa kwenye benchi na kitabu chake chenye jalada lililoliwa. Alikuwa amefika katikati. Alisimulia habari ya ndugu wawili na ng'ombe waliyemrithi pamoja, mmoja anakamua asubuhi, mwenzake jioni, kila mmoja akimlisha kidogo ili mwingine ndiye agharamie. Wateja wa Wanyonyi walisimama na chupa zao mkononi.

"Na ng'ombe?" Wanyonyi akauliza kutoka kaunta.

"Sijafika hapo."

"Yaani umetoka Kitale yote na nusu ya ng'ombe?"

Mary Ann akamtazama Dinah, akingoja kuambiwa arudi nacho. Dinah akafikiria. "Nusu imerudi," akasema. "Nyingine iko na wewe."

Walipoondoka na alasiri ikapoa, Dinah alikaa kwenye kiti cha kaka yake kusubiri wateja wa mwisho. Dirishani kulikuwa na kile kitabu cha mama wa hoteli, alipokiweka Hiram siku ile aliposhuka kwenye lori. Akakichukua. Alitafuta mahali alipoishia asipaone, na hata nusu ya kwanza ilikuwa imemtoka kichwani. Ikabidi aanze mwanzo. Akasoma, midomo ikicheza, mpaka mama akafungua hoteli, mpaka mwenye bucha akaja na maneno yake matamu ya mkopo.

Mtu akasimama mlangoni, gunia tupu begani. "Mama Dinah, maharagwe bei gani leo?"

"Ngoja kidogo," Dinah akasema bila kuinua macho. "Huyu mama anakaribia kudanganywa."